Hivi wanafunzi wa Marekani wanazipenda kweli hizi futi na paundi, au ni mazoea tu?

#1 Kamba_ya_Tembo

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Mi niko Marekani mwaka wa tatu sasa nasoma uinjinia wa mitambo, chuo nakiacha bila jina maana bado nakitaka cheti changu. Nilipokuwa nakuja nilijua huku wana maili na Fahrenheit, hilo kila aliyeangalia muvi analijua, ila nilidhani ni mambo ya barabarani na jikoni tu, darasani tutakuwa na mita na kilo kama watu. Weee.

Testi ya kwanza ya mekanika swali likaja hivi: mzigo wa paundi 200 unapandishwa na winchi kwa mchapuko wa futi 4 kwa sekunde mraba, kamba inavutwa kwa nguvu kiasi gani? Nikasema hili la kwangu. Mvutano wa dunia kwa futi ni 32.2, jumlisha 4, unapata 36.2, mara masi 200, jibu 7,240, nikapiga mistari miwili chini kwa madaha kabisa. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni, "unainua tembo?", na kamchoro ka mkonga. Jibu lenyewe lilikuwa paundi 225 hivi. Kumbe kuna paundi ya masi na paundi ya nguvu, vitu viwili jina moja, na kutoka kwenye moja kwenda nyingine lazima ugawe kwa 32.2, na wasiotaka kugawa wana kipimo kingine cha masi kinaitwa slagi, slagi moja ni kama kilo 14.6, na neno hilohilo ndo wanamwitia konokono asiye na nyumba. Nilikaa chini nikabadilisha ile 7,240 kwenda kilo, ikaja 3,284. Tembo jike kabisa. Jina langu humu limetokea hapo.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi si hiyo testi, nilishaisamehe, ni tabia za hawa wenzangu darasani. Ukikaa nao unagundua mtu kupenda inchi au sentimita inategemea yuko idara gani, ni kama Simba na Yanga. Wa fizikia na kemia ni SI tupu, yaani mita, kilo na sekunde, ukimtajia futi anakuangalia kama umeingia lekcha na kandambili. Wa sivil ndo kinyume kabisa, wale wanaishi ndani ya inchi, zege lao ni PSI 4,000 (paundi kwa inchi mraba), mizigo wanahesabu kwa paundi elfu elfu, nondo zao zinaitwa kwa namba, namba 4 maana yake vipande vinne vya moja ya nane ya inchi, yaani nusu inchi, ukiwauliza mbona hamhami wanakwambia nenda kwanza dukani uone mbao zinauzwaje. Sisi wa mitambo tuko katikati tunapigwa pande zote, asainimenti moja maswali matano ya kwanza ni SI na matano ya mwisho ni BTU, kipimo chao cha joto, na nyuzi za Rankine, ndugu yake Fahrenheit, na profesa akifungua tu ukurasa wenye slagi darasa zima linaguna kwa pamoja.

Ila sasa hao hao wanaoguna, njoo nao bwenini jioni. Jamaa aliyetukana paundi mchana kutwa anarudi jim kifua mbele, eti leo kanyanyua 225, chuma chenyewe 45 na sahani mbili mbili za 45 kila upande, namba ileile ya kamba yangu. Ukimwambia nje kuna nyuzi 30 anatafuta koti. Nikamuuliza mbona mchana ulikuwa wa SI, akanijibu Fahrenheit ni tofauti, hiyo ni kama asilimia ya joto, 0 unaganda 100 unaungua, imekaa kibinadamu. Akiongea hivyo mkononi ana chupa ya soda ya LITA mbili na kifuani kavaa tisheti ya mbio za hisani za KILOMITA 5. Nani kamruhusu hizo?

Halafu wana utani wao mmoja, kasi ya mwanga wanaipiga kwa falongi (moja ya nane ya maili) kwa wiki mbili, jibu ni kama trilioni 1.8, na kuna mtu kaliandika kwa maka pen juu ya mlango wa labu yetu. Kwahiyo wanazicheka, wanazilalamikia, na ukizigusa wanazitetea. Mi sielewi. Nyie mlioko vyuo vingine, na mlioko nyumbani, kwenu ikoje?

#2 kiroboto_msomi

Kamchoro ka mkonga 😂😂 huyo profesa angekuwa bongo angeandika "rudia mwaka".

#3 Nesi_wa_Theluji

Mkuu njoo huku kwenye unesi uone ambavyo sio utani. Mi nilisoma unesi hukuhuku, na hakuna wanafunzi wanaochukia paundi kama sisi, na hatuna hata muda wa kubishana, maana dawa zote ni miligramu na mililita ila mgonjwa anapimwa kwenye mzani wa paundi na mama wa mtoto anakwambia paundi. Kabla hujagusa sindano kuna mtihani wa hesabu za dozi, na alama wanayotaka ni ya juu mno, ukianguka mara mbili tatu unafungasha.

Swali lenyewe la kawaida hili hapa. Mtoto ana 22, homa, paracetamol miligramu 15 kwa kilo. Ukikurupuka unapiga 22 mara 15 unapata 330. Mtoto ana paundi 22, ni kilo 10, dozi ni 150. Umempa mara mbili na zaidi. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali, alitufanya tuandike kg kwa herufi kubwa juu ya kila karatasi kabla ya kuandika jina letu. Mpaka leo nikiandika hata list ya sokoni mkono unaanza na KG.

Kwahiyo kwetu hakuna ushabiki. 2.2 ni kama namba ya simu ya nyumbani.

#4 Fundi_Bomba_Mbagala

Mleta mada nakuheshimu ila umeondoka juzi tu ushasahau kwenu.

Mwaka juzi tuliletewa vijana wa field kutoka chuo kimoja hapahapa mjini, wazuri, wana heshima, wana vitabu vyote kwenye simu. Nikamwambia mmoja nipimie yale mabomba ya chuma ya zamani, andika list, nenda hadwea tukabadilishe. Kijana akatoa kalipa, akapima kwa umakini kabisa, akaandika "bomba la chuma mm 21, vipande 6". Muuzaji akaisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akasema mwanangu hili la 21 halijazaliwa bado. Kijana akarudi mikono mitupu kwa bodaboda ya kwenda na kurudi. Ni nusu inchi hiyo! Na sikumlaumu, maana bomba la nusu inchi nje lina milimita 21 na ushee na tundu lake la ndani nalo sio nusu inchi, ulipime unavyotaka hakuna pahala utaikuta hiyo nusu. Ni jina tu, kama mtu anavyoitwa Mrefu na ni mfupi.

Sasa wewe unashangaa Wamarekani. Toka hapo nje ulipo angalia tairi la gari lolote. 195/65 R15. Hiyo 195 ni milimita za upana, hiyo 15 ni inchi za ringi, na fundi atakujazia upepo PSI 32. Tairi moja. Tofali tunafyatua la inchi 5 na inchi 6, nondo tunanunua mm 12, mbao 2 kwa 4, bati futi 10 geji 28, kiwanja mita 20 kwa 20. Nyumba moja hiyo, mwenye nyumba mmoja.

Na kuna jambo la vijana wa vyuo ambalo linanikera, akija saiti ukimwambia futi anacheka chini chini, anaona sisi wa zamani. Af jioni unamsikia kwenye simu anajisifu kwa demu yeye ni futi 5 na inchi 11. Mbona hasemi sentimita 180?

#5 kiroboto_msomi

Fundi usiguse hilo la urefu, humu kuna watu wana futi 5 inchi 11 kwenye simu na futi 5 inchi 7 mlangoni.

#6 Kamba_ya_Tembo

Fundi umenishika pabaya na sina la kujitetea. Tena ngoja nijichome mwenyewe. BTU mi sikuisikia mara ya kwanza Marekani, niliisikia Kariakoo, nilimsindikiza mjomba kununua AC, muuzaji akasema "chumba cha kulala chukua BTU elfu 9, sebuleni elfu 12", na mi nikajua ni jina la modeli, kama vile simu zina namba. Miaka mitano baadaye niko darasani thamodainamiki, profesa anaeleza kwamba BTU 12,000 kwa saa ndo wanaita tani moja ya baridi, maana ndo joto la kuyeyusha tani moja ya barafu, tani ya paundi 2,000, kwa saa 24, enzi ambazo watu walipooza majumba kwa barafu. Nikabaki nimeachama. Yaani mjomba sebuleni kwake Tabata kila siku anayeyusha tani ya barafu ya Kimarekani na hajui.

Ila nitabishana na wewe kwenye kitu kimoja. Bongo tumechanganya, sawa, lakini hakuna anayejivunia. Hamna fundi utamsikia anasema inchi imekaa kibinadamu. Huku mtu anatengeneza hoja kabisa.

#7 Fundi_Bomba_Mbagala

Hujakaa na mafundi seremala wewe.

#8 Kilo_ya_Eldi

Niaje wadau, Mkenya hapa, nilikuja huku na scholarship ya kukimbia. Wacha niwape yangu.

Wiki ya kwanza kocha akatuambia leo ni nane, mdogo mdogo, hakuna kushindana. Mimi nyumbani Eldoret nimezoea kuhesabu kilo, yaani kilomita, dakika ngapi kwa kilo, saa yangu pia imewekwa kilo. Basi nikaenda nao, mwendo ulikuwa mwepesi hata nikashangaa, saa ikafika nane nikasimama, nikaenda kwa mfereji nikanywa maji, nikaanza kunyoosha misuli. Wenzangu hao wakaingia msituni wakapotea. Nikasema maskini hawa labda walikosea kitu wameongezewa. Wakarudi nusu saa imeisha wamejaa jasho wananiangalia vibaya, kocha anauliza kama nimeumia. Nane ilikuwa maili nane. Hiyo ni karibu kilo 13. Msimu mzima nikaitwa jina la kuonyesha mimi ni mvivu, na ni mimi nilikuwa nawapita wote kwa 10,000.

Sasa ile kitu inashangaza ni kwamba mashindano ya chuo uwanjani ni mita. 800, 1500, 5000, 10,000. Nyika wanaume fainali ni kilo 10. Lakini hakuna mtu kwa timu anaongea kilo. Mazoezi ya wiki ni maili, mwendo ni kwa maili, na msimu wa ndani wakati wa baridi wanakimbia maili yenyewe, ile mita 1609. Kila kijana ndoto yake ni kuvunja dakika 4. Ukikimbia 1500 kwa 3:42, ambayo ni kama kitu kimoja, watu wanakupigia makofi ya heshima tu. Ukimaliza maili kwa 3:59 wanakubeba juu, mama yako anapigiwa simu. Hapo ndio nikaelewa kwamba hawapimi umbali, wanapima hadithi. Na mimi pia siku hizi nataka hiyo 3:59, sitadanganya.

Waogeleaji nao wako na mabwawa yao ya yadi 25, hao hata siwaelewi.

#9 Mtu_wa_Metriki

Uzi mzima kutetea ujinga. Dunia nzima imeshahama, wamebaki Marekani, Liberia na Myanmar, basi. Nchi imeenda mwezini lakini hailijui desimali. Mwanafunzi anayetetea Fahrenheit hana tofauti na anayetetea kuhesabu kwa vidole.

#10 Makabrasha

Kijana punguza munkari, hiyo ya nchi tatu huwa inarushwa sana mitandaoni na inaacha nusu ya habari.

Marekani ni miongoni mwa nchi 17 zilizosaini mkataba wa mita kule Paris mwaka 1875. Mwaka 1893 wakaamua yadi yao na paundi yao zitafsiriwe kutoka kwenye mita na kilo. Mwaka 1959 wakakubaliana na Uingereza na wengine kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila mkia. Yaani inchi haina fimbo yake mahali popote, inakula kwa mita miaka yote hii. Mwaka 1975 rais Ford akasaini sheria ya kuhamia metriki, lakini ikawekwa hiari, na ukiwaambia watu milioni mia mbili wahame kwa hiari unajua kitakachotokea, bodi yenyewe ikavunjwa 1982 wakati wa Reagan. Kumbukumbu iliyobaki ni barabara moja Arizona, I-19 ya kutoka Tucson kwenda Nogales, vibao vyake vya umbali bado ni vya kilomita.

Nimefundisha huku miaka kadhaa, na naweza kuwaambia kila mwanafunzi wa uinjinia anahadithiwa chombo cha Mars mwaka wa kwanza, mpaka wanakariri kama shairi. Kilipotea 23 Septemba 1999, programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa paundi, upande wa pili wakazisoma kama ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha metriki, tofauti ni mara 4.45, chombo kikaingia chini mno kwenye anga la Mars na kikaishia hapo. Wanafunzi wanacheka, wanaandika "weka kipimo!" kwenye ubao, na wiki ileile wananiletea kazi ina namba tupu.

Mimi napendelea kuwapa ile nyingine, ya ndege ya Air Canada, Julai 1983. Boeing 767 mpya, ya kilo, wakati Canada ndo inahama. Ilihitaji mafuta kilo 22,300. Waliopiga hesabu wakatumia 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, badala ya 0.8 ya kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta, injini zote mbili zikazima angani. Rubani alikuwa na uzoefu wa ndege zisizo na injini, akaiteremsha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, watu 69, hakuna aliyekufa. Hapo hakuna wa inchi wala wa mita wa kumcheka mwenzake, waliokosea walikuwa katikati ya kuhama. Darasa huwa linanyamaza kidogo kwenye hiyo.

#11 Mtu_wa_Metriki

Sawa mkuu ila inchi bado ni ujinga.

#12 bint_Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nipo Uingereza, nasoma biolojia, huku ndo vichekesho vyengine. Maabara ni mikrolita na nanogramu, humtajii mtu aunsi akakuelewa. Tukitoka mlangoni tu bia zao ni painti, barabara ni maili, na msichana ninayekaa naye nyumba moja akipanda mzani anasema yeye ni stoni tisa na nusu. Stoni moja paundi 14. Nikamwambia basi mwaka wa tatu huu unapima protini kwa mikrogramu ukajipima mwenyewe kwa mawe? Akasema uzito wake kwa kilo unamtisha, namba kubwa.

Lakini nilicheka nikaacha, maana Ramadhani iliopita mama kanipigia, ananiuliza umetoa fitri? Nikamwambia nishalipa pesa kwa jumuiya ya Waislamu hapa chuoni. Akanambia pesa sawa, pishi ngapi? Nikanyamaza. Mie mtoto wa mjini Unguja nimezaliwa kwenye kilo, pishi nimeisikia msikitini tu. Mama akashusha pumzi, akaanza kunifundisha kwenye simu, vibaba vinne pishi moja, pishi ya fitri kama kilo mbili na nusu hivi. Hapo ndo nikajiuliza, haba na haba hujaza kibaba tunaiimba tangu chekechea, kibaba chenyewe nani kati yetu kakiona? Babu yangu alokuwa na mikarafuu akihesabu kwa frasila, ratili 35, kama kilo 16, na hakuna mtu aliyemwambia kuwa ni mshamba.

Kwahivyo suala lako la kupenda au mazoea, mie naona huko kwenu ni kama kwa yule wa stoni. Kipimo cha kazini ni cha kazini. Cha mwilini mwako umepewa na mama.

#13 Nesi_wa_Theluji

Bint umenigusa hapo kwa mama. Wangu akinitumia salamu za mchele bado anasema debe.

#14 Shamba_Darasa

Mmesahau ekari jamani. Hatua 70 kwa 70, hiyo kila mtu nyumbani anaijua. Mi nimesoma kilimo, mwaka wa kwanza mwalimu akatuuliza ekari ni mita za mraba ngapi, darasa zima tukajibu 4,900, yaani 70 mara 70, tukajiona wakali. Akasema nyie mmegawa ardhi ya watu bure. Ekari ni mita za mraba 4,047. Tukabisha sana! Mpaka alipotutoa nje tukapima hatua zetu. Hatua ya mtu mzima anayetembea kwa kutanua ni kama yadi moja, sentimita 91. Yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900, na ekari ya Mwingereza ni yadi za mraba 4,840. Yaani ile 70 ya wazee ilikuwa sahihi kabisa tangu mwanzo, ila ni ya yadi, sisi wasomi ndo tumekuja kuigeuza mita. Mpaka leo kuna watu wanauziana "ekari" ya mita 70 kwa 70, muuzaji analia hajui analilia nini.

#15 Fundi_Bomba_Mbagala

Asante Shamba. Andikeni hiyo kwenye ukuta wa chuo.

#16 Daraja_la_Baridi

Nimechelewa ila mleta mada jibu lako liko huku Boston, chini, limepigwa rangi barabarani.

Kuna daraja linavuka mto Charles kwenda MIT, kile chuo cha teknolojia, linaitwa Harvard Bridge ijapokuwa linatua MIT, hapo ugomvi wao ni mwingine. Oktoba 1958 wanafunzi wa chama kimoja cha bwenini pale MIT walikuwa wanawasumbua wageni wa mwaka wa kwanza, wakaamua kupima daraja kwa kumtumia mgeni mmoja, Oliver Smoot, futi 5 na inchi 7. Wakamlaza chini, wakapiga alama kichwani, akanyanyuka, akalala tena mbele, alama, mpaka akachoka wakawa wanambeba. Jibu wakaliandika: daraja lina smoot 364.4, jumlisha au toa sikio moja. Wageni wa kila kizazi wanapewa kazi ya kupaka rangi upya, nimepita kwa miguu nikazisoma, kumi, ishirini, thelathini, na katikati pale 182.2 pameandikwa kwamba uko nusu ya njia ya kwenda motoni, mshale unaelekea MIT.

Sasa subirini. Daraja lilipokarabatiwa miaka ya 80 mwishoni, zege la njia ya miguu likakatwa kwa urefu wa smoot moja moja badala ya futi 6 za kawaida. Polisi wakaanza kutaja alama hizo wakiripoti ajali. Neno likaingia kwenye kamusi kubwa ya Kimarekani mwaka 2011. Na yule mgeni aliyelazwa chini akaja kuwa mwenyekiti wa shirika la viwango la Marekani, halafu rais wa ISO, lile shirika la viwango la dunia, 2003 na 2004. Nawaapia sijatunga.

Hao ni watoto wa MIT, SI wanaijua usingizini. Walipotaka kipimo cha kujivunia hawakuchukua mita wala futi, wakamlaza mwenzao.

#17 Kamba_ya_Tembo

Jumlisha au toa SIKIO MOJA. Mkuu nimesimama nikazunguka chumba.

Na nimekaa nikapiga, smoot moja ni mita 1.70, daraja lao mita 620. La Kigamboni ni mita 680, kwahiyo ni smoot 399 na nusu na kidogo.

#18 kiroboto_msomi

Hapana, hatuwezi kupima Kigamboni kwa Mmarekani. Atafutwe mwanachuo wetu.

#19 Fundi_Bomba_Mbagala

Mleta mada una urefu gani? Na useme ukweli.

#20 Kamba_ya_Tembo

Futi 5 na nusu.

#21 Shamba_Darasa

Kasema futi 😂😂😂

#22 Makabrasha

Mita 1.676. Daraja la Kigamboni ni kamba 405 na zaidi ya nusu ya kamba. Sikio tutalipima siku hiyo.

#23 bint_Mkunazini

Sasa lami ya Disemba ile saa nane mchana, huyu kijana atalala mara mia nne?

#24 Fundi_Bomba_Mbagala

Atabebwa. Rangi natoa mimi, ninayo nusu galoni imebaki.